Mgeni Chini ya Mchanga

Asubuhi hiyo ndoo iliposhushwa kisimani haikulia chubwi. Iligota kana kwamba imegonga sakafu, na kamba ikalegea mkononi mwa mwanamke aliyekuwa akiishusha. Wanawake waliopanga madumu nyuma yake wakaukata umbea wao katikati. Kisima cha Mchangamle hakikuwa na sakafu. Chini yake palikuwa na mchanga laini na maji matamu yaliyochuja kutoka ndani ya tuta kubwa la mchanga, na bila maji hayo mji wenyewe usingekuwapo, maana bahari ilikwisha kupanda na kuvitia chumvi visima vingine vyote vya upande ule.

Akaitwa Mwanatumu binti Shee. Nani mwingine? Mlishaji mkuu wa Utando, kiumbe aliyelishika tuta lisisogee, alikuwa yeye, na watu wa Mchangamle, likizuka jambo lolote la mchanga, hata paka akijisaidia mahali asipotakiwa, humwita yeye. Alishuka mbio kutoka Kituoni, juu ya tuta, anakolishiwa Utando, mikono inanuka molasi, miwani ya kupimia imekaa juu ya mtandio.

"Hebu nipisheni," alisema, akainama juu ya ukingo.

Kwa macho matupu aliona giza, na ndani ya giza kitu cheupe kilichotanda kama ukoko wa wali. Akaishusha miwani. Miwani ile ilitengenezwa ionyeshe kitu kimoja tu, nyuzi za Utando, kwa rangi ya buluu. Utando ukiwa na njaa, nyuzi zake huonekana kwa taabu. Ukishiba, hunenepa na kung'aa. Juu ya tuta Mwanatumu alizoea kuona nyuzi nyembamba za kiumbe anayekula kwa kipimo. Mle kisimani aliona buluu nene kama kamba ya kufungia punda, imejisokota chini kote, imeziba kila upenyo wa maji.

"Ni nini, Tumu?" mmoja aliuliza.

"Ni Mgeni," Mwanatumu alijibu.

Mgeni ndilo jina walilompa Utando tangu alipoletwa kwa mapipa kutoka ng'ambo. Kabla yake, kila kusi lilipovuma tuta lilisogea. Lilipanda ukuta, likaingia dirishani, likakaa sebuleni kama mkwe asiyeona aibu, na mwaka uliofuata paa lenyewe halikuonekana. Misikiti ya mababu ilikuwa chini yake, na mitaa, na makaburi. Ndipo wakaja wataalamu wakanyunyiza juu ya mchanga maji yenye vijidudu visivyoonekana kwa jicho. Vijidudu hivyo hutoa jasho la chokaa linalogundisha chembe moja ya mchanga na nyingine. Kati yao hutambaa nyuzi za kuvu zinazosambaza chakula kutoka mdomoni hadi ncha ya mwisho, hivi kwamba tuta zima, kutoka kichwani hadi mkiani, likawa mwili mmoja. Mwili huo ulilishwa molasi kwa mabomba, ukasimama imara. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema watu, na mwenyeji alipona kweli. Tangu siku hizo hakuna nyumba hata moja ya Mtaa wa Chini, ule ulio miguuni mwa tuta, iliyomezwa.

"Hodi, wenyewe!"

Wote wakageuka. Mbodze wa Majembeni alikuwa anakuja na punda wake, kila mmoja amebeba madumu mawili yaliyojaa hadi kwenye kizibo. Majembeni ni kijiji cha wahamiaji waliofukuzwa na mafuriko ya mto, wakajenga upande wa kaskazini, pale mkia wa tuta unapoishia. Wiki nzima, maji ya Mchangamle yalipoanza kupungua, Mbodze na wenzake walikuwa wakileta madumu bila kuombwa.

"Dada Tumu, mbona sura hiyo?" aliuliza, akimkunia punda shingo. "Kisima kimekataa?"

"Kimekataa, dada."

"Basi kesho tutakuja na punda wengine. Jirani yako ana kiu, wewe utakunywaje yakashuka?" Akaanza kufungua kamba, akicheka na wanawake, akiwatania kwamba watu wa Mchangamle hata punda wao hawajui kubeba, wanajua kubebwa.

Mwanatumu alimsaidia kushusha dumu moja, akalipeleka nyumbani kwa mama yake, Mtaa wa Chini, akaliacha mlangoni bila hata kukaa. Kisha akapanda tuta kwenda Kituoni, na njia nzima alikuwa akijiuliza ni nani aliyempeleka Mgeni kisimani. Mabomba yake hayakufika kule.

*

Kamati ya Tuta ilikuwa imekwisha kukaa alipofika. Mwenyekiti wake alikuwa Bwana Lali Fumo, ndugu wa mamake Mwanatumu tumbo moja, mtu mwenye ndevu zilizochanwa vizuri na sauti ambayo haikuhitaji kupazwa. Aliitikia shikamoo yake, akamwonyesha kiti.

"Sema, mwanangu. Tumesikia ndoo imegota."

Mwanatumu aliwaeleza. Utando umefuata chakula ambacho Kituo hakikuupa. Umepita chini ya nyumba hadi kisimani, na ulipokuta maji matamu umeota chokaa. Usiku mmoja au miwili tena, upenyo wa mwisho utazibwa, na chokaa ikishika unene, hakuna mchimbaji atakayeitoboa. Kuunyima chakula hakutasaidia kwa sasa, kwa sababu kiumbe mwenye njaa hutafuta, naye angechimba chini zaidi.

"Dawa ni nini?" aliuliza Lali.

"Chachu."

Watu wakatazamana. Chachu ilikuwa chupa moja iliyohifadhiwa kwenye jokofu la Kituo tangu siku ya kwanza. Ikiingia mdomoni mwa Utando husafiri katika nyuzi zote, na kila inapopita vijidudu huacha kutoa chokaa, hutoa uchachu, na uchachu ule huyeyusha chokaa yao wenyewe. Kisha hufa. Kisima kingefunguka. Lakini mwili ni mmoja, na chachu haijui kuchagua kiungo. Tuta zima lingerudi kuwa mchanga mtupu.

"Na kusi?" alisema Lali. "Redio imesema kusi la kwanza laingia leo alasiri, na ni kali. Mtaa wa Chini una nyumba arobaini. Yangu imo. Ya mama yako imo. Nikuulize, mwanangu, kesho nitafungua mlango upi?"

"Najua, mjomba."

"Hujui. Wewe walala Kituoni." Akanywa kahawa, akaweka kikombe chini taratibu. "Sisi tuna shauri jingine. Mgeni hufuata utamu, sivyo? Tumfungulie bomba la kaskazini, tanki zima la molasi, kwa mpigo. Atazivuta nyuzi zake zote kule. Kisima kitaachwa, na tuta litasimama. Kuna kosa hapo?"

Mwanatumu alijua hakuna kosa. Kwa hesabu ya kitaalamu, shauri lile lilikuwa safi. Ndilo lililomtisha.

"Bomba la kaskazini linatokea mkiani," alisema.

"Naam."

"Mkiani ni Majembeni, mjomba. Visima vyao vimechimbwa mle mle. Akishiba pale atashuka kwenye maji yao, kama alivyoshuka kwetu."

Mzee mmoja akajishughulisha na tasbihi. Mwingine akatazama nje, ambako punda wa Mbodze walionekana kwa mbali wakirudi kwao, madumu matupu yakigongana mgongoni.

"Watahama," Lali alisema mwishowe. "Wamezoea kuhama. Sisi tuna makaburi hapa."

"Maji mliyotawadhia alfajiri yametoka kwao!"

"Na tunawashukuru. Tutawasaidia watakapohama." Hakuona haya, au kama aliona aliifunika vizuri. "Adui hatumtakii mabaya, sembuse jirani. Lakini mtu huzima moto wa nyumba yake kwanza. Wanaoafiki?"

Mikono ikainuka. Wengine waliinua haraka ili waishushe haraka. Wa Mwanatumu peke yake ulibaki pajani.

"Bomba litafunguliwa baada ya adhuhuri," alisema Lali. "Na ufunguo wa jokofu nipe mimi, Tumu, mpaka mambo yatulie. Si kwamba sikuamini."

Ufunguo ulikuwa kifuani mwake, chini ya nguo, na aliuhisi ubaridi wake kwenye ngozi. Mjomba huyu ndiye aliyemsomesha. Ndiye aliyewakabili walimu wa bara waliposema kwamba msichana wa Mchangamle hataweza hesabu za viumbe. Katika maisha yake yote hakuwahi kumdanganya.

"Nimeuacha kwa mama," alisema. "Naenda kuuchukua."

"Basi usikawie."

Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Akatoka kwa mlango wa nyuma, akapitia ghalani, akafungua jokofu, akaitia chupa ya chachu kwenye pindo la kanga aliyojifunga chini ya buibui. Ilikuwa ndogo kuliko chupa ya marashi.

*

Chachu haimwagwi ovyo. Ikimwagwa penye nyuzi dhaifu, hufa njiani kabla haijafika mbali. Lazima itiwe mdomoni, pale kiumbe anapokula sana, na mdomo rasmi, ule wa mabomba ya Kituo, ulikuwa mbele ya macho ya kamati nzima. Lakini Utando ulikuwa umepata mdomo mwingine mahali fulani. Mwanatumu alishusha miwani, akaanza kuufuata kutoka kisimani.

Uzi ule wa buluu ulipita chini ya kichochoro cha Mtaa wa Chini, na kila ua wa nyuma ulitoa tawi. Kwa Bi. Zuhura tawi. Kwa mwalimu wa madrasa tawi. Yote yalikuwa manene, yote yamenawiri, na jinsi alivyosonga mbele ndivyo mng'ao ulivyozidi hata ikambidi akunje macho. Mwisho wa kichochoro, kwenye ua uliokaribia tuta kuliko zote, buluu ilikuwa imetanda kama zulia. Mwanatumu alivua miwani. Hakuhitaji miwani kuujua ua ule. Alizaliwa ndani yake.

Mama yake, Bi. Mwanamize, alikuwa ameinama juu ya sufuria akiosha mchele. Alikoroga kwa mkono mpaka maji yakawa meupe kama tui, akayamimina kwenye bakuli, akaenda nalo hadi ukutani, pale mchanga mgumu wa tuta ulipokutana na ua. Akasema bismillahi, akamwaga.

"Haya, kula, mgeni wangu," alisema.

"Mama!"

Bi. Mwanamize aligutuka hadi bakuli likataka kumponyoka. "Mtoto huyu! Wataka kuniua?"

"Mama, tangu lini unammwagia maji ya mchele?"

"Tangu lini? Tangu alipokuja. Nyinyi huko juu mwampa yale masukari yenu ya bomba, asubuhi na jioni kitu kilekile. Nani anakula kitu kimoja maisha yake yote? Mtu analinda nyumba yangu usiku kucha, kusi lavuma yeye kasimama nje, nami nimlaze na njaa? Nitamwambia nini Mungu?"

"Wewe peke yako?"

"Mtaa mzima. Ijumaa twampa na machicha ya nazi." Akaona uso wa bintiye, sauti ikapungua. "Wanaooshea mchele kisimani humwagia huko huko. Kuna ubaya?"

Mwanatumu alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Sheria za Kituo zilibandikwa kila kona ya mji: usikanyage, usichimbe, usichunge mbuzi. Huu ulikuwa mji ambao mpita njia hawezi kuomba maji bila kulazimishwa wali, na katika wataalamu wote wale hakuna aliyefikiria kukataza ukarimu. Wanga wa mchele, bakuli kwa bakuli, jiko kwa jiko, ulikuwa umemshika Mgeni mkono na kumwongoza hadi kisimani.

Akamweleza mama yake yote. Ukuta wa chokaa kisimani. Shauri la kamati. Bomba la kaskazini.

"Lali kasema hivyo?" aliuliza Bi. Mwanamize. "Lali wa mama yangu?"

"Kasema watu wa Majembeni wamezoea kuhama."

Mama alibana midomo. Kisha akaona jinsi bintiye alivyoushika ubavu wa kanga. Mama hafichwi kitu. "Una nini hapo?"

Mwanatumu akaitoa chupa, akaiweka juu ya kiganja.

"Chachu. Mdomo wake uko hapa, mama. Kwenye ukuta wako."

"La!" Bi. Mwanamize alisimama kati yake na ukuta, mikono ameitanua. "La, la, la. Nyumba hii usiiguse. Baba yako kaijenga kwa mikono yake, na humo chumbani ndimo alimokata roho. Wewe nimekuzalia humo. Mimi niende wapi na umri huu, nikalale kwa watu? Tafuta njia nyingine. Si umesoma?"

"Nimetafuta. Njia ni mbili. Moja inapita juu yetu, nyingine inapita juu yao."

"Basi ipite juu yao!" Maneno yalimtoka, na mara tu yalipotoka aliweka mkono mdomoni.

Jua lilikuwa limekaribia utosini. Huko juu, Kituoni, pampu ilianza kunguruma. Walikuwa wanaipasha moto.

"Mama," alisema Mwanatumu kwa upole, "hayo maji uliyooshea mchele umeyatoa wapi?"

"Uliniletea wewe. Lile dumu."

"Alilileta Mbodze. Ni ya Majembeni."

Bi. Mwanamize aliitazama sufuria. Aliitazama muda mrefu, kama mtu aliyeona nywele ndani ya chakula cha wageni. Halafu akaangalia makuti ya paa, ukuta ulioanza kupasuka, ngazi ya kuingilia ukumbini ambayo miguu yake ilikwisha kuilainisha. Machozi yalimtoka bila sauti.

"Siwezi kukuambia mwaga," alisema. "Ulimi wangu haulisemi hilo. Ningoje nitoe Msahafu na godoro la baba yako."

"Na majirani, mama? Nyumba arobaini. Sijamuuliza hata mmoja. Nikimuuliza mmoja, mjomba atajua kabla sijafika kwa wa pili."

"Hao utawaambia kwa mdomo wako mwenyewe, mlango kwa mlango. Huo mzigo wako. Sikubebei." Akaingia ndani.

Mwanatumu alibaki peke yake uani. Alifikiri juu ya Bi. Zuhura na wajukuu zake, na mwalimu wa madrasa na vitabu vyake, watu waliolala jana wakimwamini, na akajua kwamba anachotaka kufanya ni dhuluma, na kwamba asipokifanya ni dhuluma kubwa zaidi, na kwamba kubwa kuwa kubwa hakuifanyi ndogo kuwa halali. Hakuna kitabu alichosoma kilichomwandaa kwa hesabu hii. Mwadhini akakohoa kwenye kipaza sauti. Adhuhuri ilikuwa imeingia.

Akafungua chupa. Akaimimina kwenye bakuli la maji meupe yaliyobaki, akakoroga kwa kidole, akaenda ukutani. Nusu ilimwagikia miguuni. Iliyobaki aliimwaga pale pale mama yake alipozoea kumwaga.

Mgeni akala. Hakuwa na sababu ya kuushuku ukuta ule.

Kwenye miwani, buluu iligeuka njano, kwanza upana wa bakuli, kisha upana wa ua, kisha njano ikakimbia chini ya kichochoro upande mmoja na kupanda tuta upande wa pili, haraka kuliko mtu anavyoweza kukimbia. Harufu ya togwa lililokaa sana ikapanda kutoka ardhini. Kituoni pampu ilikuwa inanguruma bado, na watu walikuwa hawajamaliza swala. Molasi ilipofika kaskazini, hapakuwa tena na mdomo wa kuipokea.

*

Alianza kwa Bi. Zuhura.

"Mtoe vitu," alisema. "Tuta limefunguliwa. Ni mimi niliyelifungua."

Bi. Zuhura alicheka, akidhani ni mzaha, mpaka aliponusa. Basi akamtazama Mwanatumu kwa jicho ambalo mtu humtazama nyoka aliyemkuta kitandani, akampita, akaenda kuwaita wajukuu. Mlango wa pili walimtukana. Wa tatu mwanamume mmoja alimsukuma akaanguka, naye akainuka, akapangusa mchanga, akaenda wa nne. Kila mlango alisema maneno yaleyale, wala hakuongeza sababu. Waliouliza kwa nini aliwaambia. Wengi hawakuuliza.

Alasiri kusi liliingia. Mwanzo lilipapasa tu, likachukua vumbi kutoka kilele cha tuta na kulipeperusha kama moshi. Kisha likakaza. Ule uso mgumu ambao watoto wa Mchangamle walizaliwa wakaukuta, ambao waliujua kama sakafu ya dunia, ukafanya ufa kutoka juu hadi chini, na ndani ya ufa mchanga ukatiririka. Sauti yake ilikuwa ndogo. Ndiyo iliyowatia watu hofu kuliko ngurumo. Kufikia magharibi ua wa Bi. Mwanamize ulikuwa umejaa hadi dirishani, na mchanga ulikuwa unaingia jikoni bila haraka.

Kichochoro kilijaa watu, makabati, kuku, masufuria, mashine za kushonea. Punda wa Mbodze walikuwamo. Mbodze mwenyewe alikuwa amesikia kwamba tuta limevunjika, akarudi na kijiji kizima kusaidia kubeba, na hakuna aliyemwambia limevunjwa na nani wala kwa ajili ya nani. "Poleni, poleni jamani," alisema kila alipokutana na mtu, na watu waliinamisha macho. Mtu fulani akapiga kelele kutoka juu kwamba kisimani maji yanapanda, machafu lakini matamu. Hakuna aliyeshangilia.

Mwanatumu alipita katikati yao akitoa salamu. "Asalaam aleikum." Kuitikia salamu ni faradhi, hata mgomvi huitikia kwa ncha ya ulimi. Siku ile hawakuitikia. Alimsalimu mwalimu wa madrasa, aliyebeba vitabu kichwani, naye akageuza uso. Aliwasalimu wanafunzi wenzake wa zamani. Kila salamu aliyoitoa ilibaki hewani, naye akaendelea kuitoa, maana hakujua la kufanya na mdomo wake.

Mbele ya nyumba ya mjomba wake alimkuta mwenyewe. Bwana Lali Fumo alikuwa amevua kanzu, yuko kwa fulana na kikoi, akivuta kitanda kikubwa cha mvule kupitia mlangoni. Mke wake alifia juu ya kitanda kile, na watoto wake aliwazalia hapo hapo. Miguu ya nyuma ilikuwa imenasa. Mchanga ulikwisha kuifikia, na kila alipovuta, mwingine uliporomoka. Alikuwa anahema vibaya. Ndevu zake nzuri zilikuwa zimejaa mchanga.

"Asalaam aleikum, mjomba."

Hakuitikia. Alivuta tena. Kitanda hakikusogea.

Mwanatumu alipitia dirishani, akaingia chumbani, mchanga ukamfika magotini. Akafukua miguu ya kitanda kwa mikono, akakishika upande wa pili, akasubiri. Kati yao palikuwa na urefu wa kitanda. Lali alimtazama kwa muda, macho mekundu kwa vumbi, au kwa lolote jingine.

"Inua upande wako," Lali alisema.

Mwanatumu akainua.